Kushiriki utafiti wa ugonjwa wa moyo kushindwa kufanya kazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wagonjwa walioombwa kushiriki utafiti wa kitabibu, na wa ndugu wanaowasindikiza kliniki. Umeandikwa kwa mazingira ya Afrika Mashariki. Pale ambapo utaratibu wa nchi moja ni tofauti na wa nyingine tumesema.

Moyo kushindwa kufanya kazi ndiyo moyo kusimama?

Hapana. Moyo unaendelea kupiga, ila hausukumi damu ya kuutosheleza mwili, au unaweza kuisukuma tu ukijaa kwa shinikizo kubwa kupita kawaida. Matokeo yake maji hujikusanya. Yakiwa kwenye mapafu, mgonjwa hukosa pumzi akilala chali na kulazimika kuweka mito miwili au mitatu. Yakishuka, miguu huvimba na tumbo hujaa.

Kwenye majibu ya Eko (kipimo cha picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) utaona asilimia ya damu inayosukumwa nje ya chemba ya kushoto kwa kila pigo, ambayo kwa kawaida huandikwa EF. Watu wengi hushtuka wakiona 58 wakidhani ni alama ya mtihani yenye upeo wa 100. Hakuna moyo unaosukuma asilimia 100. 58 ni ya kawaida. Tafiti hugawa wagonjwa hivi: 40 kushuka chini, moyo umedhoofika, 41 hadi 49, umedhoofika kidogo, 50 na zaidi, nguvu ya kusukuma ipo lakini kuta zimekakamaa na hazilegei vizuri kupokea damu. Kundi hili la mwisho linaumwa kweli, hata kama ndugu wameambiwa kwamba "moyo haujapanuka".

Dawa zipo tayari. Utafiti zaidi ni wa nini?

Kwa sababu mbili, na zote zina uzito.

Ya kwanza ni kwamba dawa inaweza kumpa mgonjwa nafuu huku ikimfupishia maisha. Milrinoni huongeza nguvu ya moyo kupiga, na mtu yeyote angetarajia iokoe watu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991, wenye wagonjwa 1,088, ulionyesha kinyume: waliomeza vidonge vyake walikufa kwa asilimia 28 zaidi ya waliomeza dawa bandia, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Miaka miwili kabla, utafiti wa CAST ulikuwa umeonyesha kwamba enkainidi na flekainidi, zilizotumika kutuliza mapigo yasiyo na mpangilio kwa watu waliowahi kupata shambulio la moyo, ziliyatuliza mapigo kweli na zikaongeza vifo. Bila vikundi viwili vya kulinganisha, hakuna daktari ambaye angeligundua hilo kwa macho. Mgonjwa wa moyo akifa, kila mtu husema ugonjwa ndio uliomuua.

Ya pili inatuhusu sisi moja kwa moja. Katika PARADIGM-HF ya mwaka 2014, mojawapo ya tafiti kubwa ambazo miongozo ya tiba imejengwa juu yake, wastani wa umri ulikuwa miaka 64, na takriban asilimia 60 ya wagonjwa walikuwa na moyo ulioharibiwa na kuziba kwa mishipa yake ya damu. Linganisha na THESUS-HF, iliyofuatilia wagonjwa 1,006 katika hospitali 12 za nchi tisa za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo: wastani wa umri miaka 52, presha ikiwa chanzo kwa asilimia 45, na kuziba kwa mishipa ya moyo kwa asilimia 7.7 tu. Utafiti wa TaHeF uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili kwa wagonjwa 427 ulitoa picha hiyohiyo: wastani wa umri miaka 55, presha asilimia 45, magonjwa ya misuli ya moyo asilimia 28, na homa ya baridi yabisi ya moyo asilimia 12. Hawa ni watu walio katika umri wa kufanya kazi na kulea, na ugonjwa wao umeanzia kwingine.

Kwa hiyo matokeo ya kwingine yanaweza kutufaa au yasitufae, na kukisia hakusaidii. Mfano mzuri ni hidralazini ikiunganishwa na isosobidi dinitrati, dawa mbili za kupanua mishipa ya damu. Marekani, mwaka 2004, utafiti wa A-HeFT ulionyesha mchanganyiko huo unapunguza vifo kwa asilimia 43 miongoni mwa wagonjwa waliojitambulisha kuwa Weusi. Wengi wakaona jibu la Afrika limepatikana. Mchanganyiko huo ulipojaribiwa Afrika kwa wagonjwa waliolazwa, katika utafiti wa BA-HEF, haukuonyesha faida. Lakini utafiti huo ulifungwa mapema ukiwa na wagonjwa 147 tu, idadi isiyotosha kufuta wala kuthibitisha. Tafiti kufa njiani kwa kukosa washiriki ni hasara ambayo wagonjwa wetu huilipa kwa miaka mingi.

Nani anakubaliwa, na kwa nini wengine hukataliwa?

Kila utafiti una orodha ya vigezo, na muuguzi hana ruhusa ya kuvilegeza hata kwa kukuonea huruma. Kwa kawaida hutazamwa EF, kiwango cha NT-proBNP kwenye damu (kemikali inayotolewa na moyo ulioelemewa), jinsi unavyochoka ukifanya shughuli za kila siku, presha, hali ya figo na kiwango cha potasiamu.

NT-proBNP ina mitego. Kwa mgonjwa wa nje, chini ya 125 kwa kipimo cha pikogramu kwa mililita, ugonjwa huu huwa hautarajiwi. Lakini mtu mnene hutoa kiwango cha chini hata akiwa anaumwa, na mwenye figo mbovu au mapigo yasiyo na mpangilio hutoa cha juu bila moyo kuzidiwa sana. Ndiyo maana tafiti nyingi huweka mpaka tofauti kwa wenye mapigo ya aina hiyo.

Wajawazito na wanaonyonyesha mara nyingi hukataliwa, kwa sababu dawa za jamii ya enalaprili (za presha na moyo) hudhuru mtoto tumboni. Wanawake wenye uwezo wa kushika mimba huombwa kutumia uzazi wa mpango na kupimwa mimba kila ziara. Tatizo ni kwamba upo ugonjwa wa misuli ya moyo unaoanza mwezi wa mwisho wa ujauzito au ndani ya miezi mitano baada ya kujifungua, na Afrika unaonekana sana. Wanawake hao hubaki nje ya tafiti nyingi za dawa. Kwa maoni yetu wanahitaji tafiti zao wenyewe.

Kukataliwa hakuna maana kwamba huumwi, wala kwamba kliniki imekuacha. Matibabu yako ya kawaida yanaendelea.

Nikipangiwa dawa bandia, si nitakuwa nimeachwa nife?

Katika tafiti nyingi za ugonjwa huu, dawa mpya huongezwa juu ya matibabu ya kawaida. Kikundi kimoja kinameza dawa zake za kila siku pamoja na dawa mpya. Kingine kinameza zilezile za kila siku pamoja na kidonge kinachofanana kwa rangi na umbo ila hakina dawa ndani. Hakuna anayenyang'anywa furosemidi, dawa ya kukojoza ambayo wengi huiita Lasix. Ukiambiwa uache dawa uliyoizoea, uliza ni ipi, kwa nini, na kwa siku ngapi. Wakati mwingine sababu ni ya kiusalama: anayehama kutoka enalaprili kwenda kidonge cha moyo chenye sakubitrili na valsatani lazima akae saa 36 bila enalaprili, vinginevyo uso, midomo na koo vinaweza kuvimba ghafla hadi kuziba pumzi.

Kompyuta ndiyo inayopanga nani aingie kikundi kipi. Daktari akichagua mwenyewe, bila hata kukusudia atawapa dawa mpya wale anaowaona wana nafuu, na matokeo yatadanganya.

Kuna tafiti ambazo kikundi cha kulinganisha hakipewi kitu cha ziada, na zinaweza kuwa halali kabisa. GOAL, iliyofanyika Uganda, iliwahusisha watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao Eko ilionyesha dalili za awali za homa ya baridi yabisi kwenye valvu za moyo, ingawa hawakujihisi wagonjwa. Wakati huo hakuna aliyejua kama watoto wa hatua hiyo wanahitaji sindano. Nusu walichomwa penisilini ya benzathini kila siku 28, nusu hawakuchomwa, wote wakafuatiliwa kwa Eko. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga mbele kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Jibu hilo lilipatikana hapahapa kwetu, kwa ugonjwa wetu.

Nani anawachunga watafiti?

Tanzania Bara, utafiti wa dawa lazima upate kibali cha maadili cha kitaifa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, kwa dawa yenyewe. Zanzibar ina Taasisi yake ya Utafiti wa Afya, ZAHRI. Kenya hupita kamati ya maadili iliyosajiliwa, tume ya taifa ya sayansi (NACOSTI), na Bodi ya Famasia na Sumu. Uganda hupita kamati ya maadili, baraza la taifa la sayansi (UNCST), na mamlaka ya dawa (NDA). Namba za vibali huandikwa kwenye fomu ya ridhaa. Ziangalie, na uulize pia namba ya usajili kwenye daftari la wazi la majaribio, kama lile la Afrika nzima linaloitwa PACTR. Utafiti wa dawa usioweza kukuonyesha namba hizo, usiuingie.

Tafiti kubwa huwa pia na bodi ya wataalamu wasio watafiti wa mradi huo, inayofungua takwimu kwa siri kila baada ya muda. Wakiona kikundi kimoja kinaumia, husimamisha.

Nisome nini kwenye fomu ya ridhaa kabla ya kusaini?

Fomu lazima iwe kwa lugha unayoielewa. Asiyejua kusoma husomewa yote mbele ya shahidi asiye mfanyakazi wa utafiti, kisha huweka dole gumba na shahidi husaini. Una haki ya kwenda nayo nyumbani, na baada ya kusaini nakala moja ni yako.

Kurasa huwa nyingi, kwa hiyo tafuta kwanza haya: utafiti utachukua muda gani na ziara ngapi, damu itachukuliwa kiasi gani, nani analipa matibabu ukidhurika, na kama kuna bima ya washiriki, sampuli zako zitasafirishwa nje ya nchi au la, zitahifadhiwa miaka mingapi na zitatumika kwa nini kingine. Sehemu ya sampuli kwa tafiti zijazo huwa na sahihi yake. Unaweza kuikataa na bado ukashiriki utafiti mkuu. Mwisho, tafuta namba mbili za simu, ya daktari wa utafiti na ya kamati ya maadili. Ya pili ndiyo utakayopiga ukiwa na malalamiko juu ya huyo wa kwanza.

Ziara ya kwanza inakuwaje?

Tenga asubuhi nzima. Utapimwa uzito bila viatu, na presha baada ya kukaa kimya dakika tano. Kitafuata kipimo cha umeme wa moyo, kisha Eko ukiwa umelalia ubavu wa kushoto, kisha damu. Damu huwa mirija miwili au mitatu, yaani mililita 10 hadi 15, sawa na vijiko viwili au vitatu vya chai. Njoo na dawa zako zote kwenye pakiti zake, hata zile ulizonunua duka la dawa bila cheti.

Baadhi ya tafiti hupima umbali unaotembea kwa dakika sita. Kipimo kinaonekana rahisi lakini ndicho kinachoharibika haraka kuliko vyote. Ukumbi unatakiwa uwe na urefu wa mita 30, umewekwa alama kila mita tatu. Ukiwa mfupi, mgonjwa anageuka mara nyingi na kupoteza umbali. Kituo kikihama kutoka ukumbi wa mita 30 kwenda wa mita 15 katikati ya utafiti, mgonjwa ataonekana amezidiwa wakati kilichobadilika ni jengo. Msimamizi hatembei sambamba nawe, kwa sababu utafuata mwendo wake. Hakushangilii wala hakuhimizi kwa maneno yake mwenyewe. Husema sentensi zilezile kila dakika kwa kila mtu. Ukichoka simama au uegemee ukuta, saa inaendelea kuhesabu. Vaa viatu ulivyozoea, na kama unatembelea fimbo, njoo nayo. Mapigo yakiwa zaidi ya 120 kwa dakika ukiwa umepumzika, kipimo huahirishwa.

Kwa nini damu inachukuliwa tena na tena?

Kwa sababu ya potasiamu na figo. Spironolaktoni, dawa ya moyo inayoweza kupandisha potasiamu, kwa dozi ya miligramu 25 ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika utafiti wa RALES wa mwaka 1999. Lakini RALES haikupokea mtu mwenye potasiamu juu ya milimoli 5.0 kwa lita, na washiriki walipimwa damu kwa ratiba. Matokeo yalipotangazwa, madaktari wa jimbo la Ontario nchini Kanada waliiandika dawa hiyo kwa wingi, na kulazwa kwa sababu ya potasiamu kupanda kukaongezeka kutoka wagonjwa 2.4 kwa kila 1,000 mwaka 1994 hadi 11 kwa kila 1,000 mwaka 2001. Vifo vinavyohusiana na hilo viliongezeka pia. Dawa ilikuwa ileile. Uangalizi wa kwenye utafiti haukuifuata dawa mtaani.

Kwa hiyo ukianzishiwa dawa hiyo tarajia kipimo baada ya wiki moja, kisha wiki ya nne, kisha kila baada ya miezi kadhaa. Potasiamu ikizidi 5.5 dozi hupunguzwa nusu, ikizidi 6.0 dawa husimamishwa.

Hapa kuna kosa ambalo watu wa kliniki wanalijua vizuri. Mpira wa mkononi ukikazwa muda mrefu, damu ikivutwa kwa nguvu kwa sindano nyembamba, au mrija ukizunguka juani kwenye pikipiki kwa saa nyingi kabla ya kufika maabara, chembe nyekundu hupasuka na kumwaga potasiamu yake ndani ya mrija. Jibu linasoma 6.3 wakati mgonjwa ana 4.6. Maabara makini huandika kwamba chembe zimepasuka. Ukipigiwa simu urudi kutolewa damu upya siku hiyohiyo, nenda. Inawezekana unaokolewa na hatari, au unaokolewa na kuachishwa dawa bure.

Nikisahau vidonge?

Meza ukikumbuka siku hiyohiyo; ikishafika kesho usimeze viwili. Kisha mwambie muuguzi. Usitupe vilivyobaki, na rudisha chupa hata ikiwa tupu.

Hesabu yenyewe ni hii. Umepewa vidonge 100, kimoja kwa siku, ukarudi baada ya siku 84. Vinatakiwa vibaki 16. Ukirudisha 21, umemeza 79 kati ya 84, yaani asilimia 94, na hilo ni zuri. Anayemwaga vidonge njiani ili aonekane amemeza vyote anaifanya dawa nzuri ionekane haifanyi kazi, na dozi inayopendekezwa baadaye kwa maelfu ya watu inaweza kukosewa. Hakuna anayefukuzwa kwa kusahau. Kumgawia jirani mwenye dalili kama zako ni hatari kubwa zaidi, maana hakupimwa figo wala presha.

Vipi dawa za maumivu, mitishamba na mfungo wa Ramadhani?

Diklofenaki na ibuprofeni huufanya mwili ushike chumvi na maji, na huumiza figo za mtu anayetumia tayari furosemidi na enalaprili. Wagonjwa wengi hurudi wamevimba kwa sababu ya vidonge vya mgongo vya dukani. Parasetamoli ndiyo salama zaidi. Baadhi ya chumvi mbadala zimetengenezwa kwa potasiamu. Ukiwa kwenye spironolaktoni ziache.

Mitishamba itaje kwa jina, bila aibu. Daktari wa utafiti hakuulizi ili akugombeze. Anahitaji kujua ini au figo zikibadilika, chanzo ni kidonge chake au ni mzizi.

Kuhusu kufunga, zungumza na daktari mapema kabla ya mwezi kuandama. Dawa za kukojoza na zile za jamii ya dapagliflozini (dawa za kisukari zinazotibu pia moyo) hutoa maji mwilini, na siku ndefu bila kunywa inaweza kushusha presha hadi kuanguka. Wengine hubadilishiwa saa za dawa, wengine hushauriwa wasifunge. Ukiwa unatapika au huwezi kula, dapagliflozini husimamishwa kwa muda hata kama si Ramadhani. Piga simu ya utafiti.

Nikizidiwa nikiwa nyumbani?

Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai, mizani ileile. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, piga simu siku hiyo. Usisubiri tarehe ya kliniki. Kukosa pumzi ukiwa umekaa, kuzimia au maumivu ya kifua ni vya kwenda hospitali iliyo karibu, utafiti utafuata baadaye. Onyesha kadi ya mshiriki: ina namba ya kupiga usiku na mchana, na kama ni lazima kujua unameza nini, kuna utaratibu wa kufungua siri ya kikundi chako. Ndugu wapige simu hata ukilazwa kwa malaria au ajali, kwa sababu kila kulazwa huripotiwa, kwa kawaida ndani ya saa 24 tangu kituo kipate habari.

Mbona tunaitwa kliniki karibu kila wiki?

Huenda utafiti wako unafuata mtindo wa STRONG-HF, uliotangazwa mwaka 2022 na uliohusisha pia vituo vya Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini. Wagonjwa waliotoka wodini waliongezewa dozi haraka na kuonwa wiki ya 1, 2, 3 na 6. Ndani ya siku 180, waliokufa au kulazwa tena kwa ajili ya moyo walikuwa asilimia 15.2, dhidi ya asilimia 23.3 ya waliohudumiwa kwa kawaida. Dawa zilikuwa zilezile zinazojulikana. Zile ziara ndizo zinazowezesha dozi kupanda bila kumwangusha mtu.

Nikitaka kujitoa?

Unaweza siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako hayaguswi. Lakini kuacha kumeza dawa ya utafiti na kuacha kufuatiliwa ni mambo mawili. Unaweza kuacha vidonge na bado ukakubali kupigiwa simu kila baada ya miezi mitatu kuulizwa hali yako. Ukiweza, chagua hilo. Wanaopotea kabisa mara nyingi ndio waliozidiwa, na wakikosekana kwenye hesabu dawa huonekana bora kuliko ilivyo. Ukibadilisha laini ya simu au ukihamia mkoa mwingine, toa taarifa na uache namba ya ndugu wawili.

Nitalipwa?

Nauli na fidia ya muda, kwa kiasi kilichopitishwa na kamati ya maadili. Vipimo vya utafiti hulipii.

Wanasema dawa "inapunguza hatari kwa robo". Ina maana gani kwangu?

Uliza daima ni robo ya ngapi. Katika DAPA-HF ya mwaka 2019, hatari ya moyo kuzidiwa au kifo cha moyo ilipungua kwa asilimia 26. Kwa idadi ya watu: kati ya 100 waliomeza dawa bandia, takriban 21 walipatwa na tukio ndani ya kipindi cha kati cha miezi 18, kati ya 100 waliomeza dapagliflozini, 16. Kwa hiyo watu 100 wakitibiwa kwa muda huo, watano hivi wanaepushwa, yaani inabidi kutibu takriban 21 ili kumwepusha mmoja. Kwa ugonjwa huu hiyo ni faida kubwa. Kauli zote mbili ni za kweli, ila ya pili ndiyo itakayokusaidia kuamua kama bei ya dawa unaimudu.

Utafiti ukiisha, dawa nitaendelea kuipata?

Hili liulizwe kabla ya kusaini, kwa sababu baada ya ziara ya mwisho limeshachelewa. Fomu inapaswa kusema wazi kama mfadhili ataendelea kutoa dawa ikionekana inafaa, kwa muda gani, na kwa masharti gani. Wengine hutoa hadi dawa isajiliwe nchini. Wengine hawatoi kabisa. Katika ziara ya kufunga, omba vitu vitatu kwa maandishi: nakala ya Eko yako ya mwisho, orodha ya dawa na dozi unazoondoka nazo, na tarehe ya kliniki ya kawaida, isiyozidi wiki mbili tangu siku hiyo kama kuna dawa iliyobadilishwa. Kikundi ulichokuwamo utaambiwa baada ya takwimu zote kufungwa, na hilo linaweza kuchukua miezi mingi.